Wakili wa Semeni

Siku Semeni alipokwenda kutafuta wakili alikuwa na funza watatu katika dole gumba la mguu wa kushoto, akatembea kwa kisigino kutoka ghala la mikeka alikokuwa akilala mpaka ukuta wa boma la Mohoro. Ghala halikuwa lake. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kulala humo, kwa hisani ya wenye mikeka. Mvua ikinyesha alisimama kwenye kona moja. Ikizidi alisimama kona ileile, maana nyingine hazikuwa na paa.

Sasa kulikuwa na nyumba. Biasha, kikongwe aliyekuwa anahamia Mbwera kwa mwanawe, alikubali kumwuzia ya kwake, ile ya nyuma ya kisima: vyumba viwili, nguzo za mikoko, makuti mapya upande mmoja, na mlango wa mninga ambao ukifungwa unafunga kweli. Bei ilikuwa mikeka, na mikeka Semeni alikuwa ameshaisuka, misimu mitatu ya ukindu, mpaka ikawa kila asubuhi vidole vinakataa kukunjuka na ilimbidi aviloweke kwanza ndipo ashike kata ya maji. Kilichobaki ni karatasi.

Mtu mwingine angeweza kukaa bila karatasi. Semeni hakuweza. Mohoro nzima ilijua kwamba alishushwa kutoka milimani kwa Wamatumbi angali mtoto, mwaka wa njaa, akaachwa kwa watu kuwa rehani ya mtama, na hakuna aliyerudi kumkomboa. Mtu kama huyo akinunua nyumba bila hati, amenunua mahali pa kungojea kufukuzwa. Na mwanamke katika mambo ya hati hasimami mwenyewe. Husimamiwa. Kwa hiyo atafute wakili.

Wa kwanza alikuwa Bushiri, aliyeshinda kila siku kivulini kwa ukuta wa boma akiwangoja wenye mashauri kama inzi anavyongoja kidonda.

"Mie nikisema mbele ya bwana shauri," Bushiri alimwambia, "kiti chake kinalia."

"Kinalia kwa kuwa bwana mzito."

"Una mdomo, bi Semeni. Basi mdomo huo usiupeleke ndani. Nipe mie shauri lako."

"Biasha umeonana naye?"

"Jana."

"Ukamwambia nini?"

Bushiri akajikuna ndevu. "Nikamwambia nitakuwa wakili wake."

"Wake na wangu?"

"Si ndiyo itakuwa rahisi kupatana?"

Semeni akacheka mpaka akasahau akakanyaga kwa dole. Alipomaliza kulia akamuaga.

Wa pili alikuwa Zaidi, karani wa boma. Yeye alikuwa na meza yake barazani, chupa mbili za wino, na koti ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Aliandika herufi za Kidachi, za Wajerumani wenye boma, na aliandika herufi za Kiarabu, na ufunguo wa sanduku la muhuri alikuwa nao yeye, shingoni. Mama yake alitoka milima ileile alikotoka Semeni, lakini Zaidi akiulizwa kwao wapi alijibu Bagamoyo.

Hakumkaribisha kuketi. Akaendelea kuandika, naye akaendelea kusimama kwa mguu mmoja.

"Wewe mtu wa kuja," alisema hatimaye, "tena mwanamke. Bomani utafanya nini? Tuandike jina langu. Wewe unakaa, mimi ninashika. Kama mtoto na mzazi wake."

"Na mzazi akifa?"

"Mimi sifi upesi."

"Naona, bwana karani. Basi niandikie kwanza maneno haya, nikayatazame."

"Utatazama nini, na kusoma hujui?"

"Nitatazama wino."

Akampa maneno: *Nyumba iliyokuwa ya Biasha, nyuma ya kisima, yenye mlango wa mninga, sasa ni ya Semeni.* Zaidi akaandika, akamsomea, akamtupia karatasi ukingoni mwa meza ili ainame kuiokota.

Wa tatu alikuwa Mwalimu Mtoro wa chuoni, aliyewafundisha Kurani nusu ya watu wa Mohoro, Zaidi akiwemo. Jicho moja lilikuwa limefunga ukungu. Karatasi aliishika karibu na pua kana kwamba anainusa, na alikuwa na kikohozi kisichoondoka. Semeni akampa maneno yaleyale. Mwalimu akaandika, akasoma, akakohoa baina ya kisima na mlango.

Ijumaa ikapita. Semeni akachukua karatasi zake mbili akarudi nazo.

"Mwalimu, nimesahau. Nisomee tena."

Mwalimu akainusa karatasi. "Nyumba iliyokuwa ya Biasha, nyuma ya kisima," akakohoa, "yenye mlango wa mninga, sasa ni ya Semeni."

Neno kwa neno. Hata kikohozi.

Akaenda barazani kwa karani. Zaidi alikuwa na shughuli. Alitupia jicho karatasi yake mwenyewe, wala hakuinyoosha.

"Kibanda cha Biasha, karibu na kisima, ni cha Semeni. Nini tena?"

"Basi, bwana karani. Ahsante."

Nyumba imekuwa kibanda. Mlango umekwenda, na mninga wake wote. Semeni akapita dukani, akanunua chumvi, akamwambia mwenye duka asihangaike na jani la kufungia, karatasi anayo. Duka lilikuwa na watu. Mmoja akazitambua herufi, akauliza. Semeni akajibu kwamba mwandiko wa bwana karani ni mzuri, unazuia unyevu. Kabla ya alasiri Mohoro nzima ilikuwa imecheka, na waliobaki walichekea majumbani. Zaidi alikuwa barazani pake. Mtu akamfikishia habari pamoja na kicheko chake. Yeye akachovya kalamu.

Mwalimu Mtoro akawa wakili.

Hati ikaandikwa mbele ya mashahidi wawili wa msikitini. Mwalimu alimwuliza Biasha mara tatu kama anauza kwa ridhaa yake, na mara ya tatu Biasha akasema, "Mwalimu, ukiniuliza tena nitabadili nia nikuoe wewe."

Kisha wakaenda nyumbani kufanya lile ambalo hati haifanyi. Biasha akachuchumaa jikoni, akayang'oa mafiga yake matatu kutoka ardhini kwa jembe la kijiti, moja moja, akayafunga katika gunia la kwenda nalo Mbwera. Semeni akachimba mahali palepale, akapanda ya kwake. Akawasha moto. Mashahidi wakangoja mpaka uji uchemke, wakaunywa, wakasema wameona. Kwa watu wa pale, hapo ndipo nyumba ilipohama mkono. Moshi wa nani unatoka? Wa Semeni. Basi.

"Muhuri wa boma?" Semeni aliuliza mlangoni.

Mwalimu akaangalia upande wa boma kwa lile jicho zima. "Ufunguo anao Zaidi," akasema. "Tungoje hasira zake zipoe. Karatasi haiozi."

Lakini karatasi huoza. Watu wa bondeni wanajua. Mto ukija huingia bila hodi, na kisichoozeshwa na maji huliwa na mchwa. Ndiyo maana mbegu za mpunga huwekwa kwenye kibuyu kikavu, mdomo ukazibwa kwa nta, kibuyu kikaning'inizwa darini juu ya moshi. Semeni akafanya vilevile. Akaikunja hati mara nne, akaitia kwenye kibuyu kidogo, akamwagia kiganja cha mpunga ili unyonye unyevu, akaziba kwa nta, akakitundika juu ya mafiga. Kila asubuhi alipopuliza moto alikitazama. Akatoa funza wake. Akalala katikati ya chumba, si konani.

Alilala hivyo siku arobaini na kitu.

Habari zilikuja na watu wa kutoka milimani kwa miguu. Pamba ya akida imeng'olewa. Halafu: duka limechomwa. Halafu: kuna maji ya dawa, unakunywa, unapakwa, risasi inageuka maji. Waliokuwa nayo waliyabeba kwenye vibuyu, maji yenye punje za nafaka ndani yake, wakayanyunyiza kijiji kwa kijiji. Bushiri alisema ameyaona kwa macho yake. Siku mbili baadaye, askari walipoongezeka, akasema hajawahi kuona hata kibuyu.

Boma likajaa. Kwenye njia panda ya kwenda Kibiti zikasimikwa nguzo mbili na boriti juu yake, fundi akaipima mara mbili, na kesho yake watu wawili wakawa wananing'inia pale. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakabadili njia. Kisha, kwa kuwa njia nyingine ni ndefu, wakairudia ileile.

Amri ikatangazwa kwa ngoma: kila kibuyu kitolewe. Semeni akatoa cha maji, akatoa cha tembo ambacho Biasha alikisahau. Kile cha darini hakikumjia akilini kuwa ni kibuyu. Kwake ilikuwa ni hati.

Mwalimu Mtoro walimchukua siku ya Jumanne, akiwa anasomesha. Walikuta kwake karatasi za herufi za Kiarabu, hirizi za watoto wa kikohozi, kombe la kuwanywesha wagonjwa. Wakamfunga mnyororo wa shingo na watu wengine saba, akapita mbele ya nyumba ya Semeni akikohoa, na kila alipokohoa mnyororo wote ulisimama, na kila uliposimama walipigwa wote. Semeni alikuwa mlangoni. Mwalimu alimgeuzia lile jicho la ukungu, na Semeni hakujua kama alimwona. Wakaelekea barabara ya pwani. Hakurudi.

Alhamisi wakaingia nyumba kwa nyumba. Askari mmoja alichungulia darini, akakitoa kibuyu, akakitikisa sikioni.

"Kina punje," akamwambia mwenziwe.

"Ni hati ya nyumba," Semeni alisema.

Alisema kwa haraka, na akisema kwa haraka milima ilisikika katika matamshi yake. Yule askari akacheka. "Mmatumbi," akasema, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta chini ya kitanda.

Barazani kwa boma aliketishwa chini, juani. Meza ilikuwa mahali pake, chupa mbili za wino, koti. Bwana shauri, Mdachi mwenye boma, alikuwa kwenye kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: leta, kaa, piga, kweli. Akakivunja kibuyu kwa mpini wa kisu. Mpunga ukamwagika juu ya makaratasi ya serikali, na katikati ya mpunga hati, kavu kabisa, imekunjwa mara nne. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mzuri.

"Nini hii?"

Zaidi akaichukua. Akaikunjua polepole. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha, bila kuinua macho, akamwambia Semeni kwa Kimatumbi, lugha ambayo siku zote alijifanya haijui:

"Ile chumvi iliisha salama?"

Semeni alitazama chini. Palikuwa na nzi kwenye kiatu cha bwana shauri. Nzi alipanda mpaka penye kamba, akashuka.

"Nikisema ni hati yako," Zaidi aliendelea kwa Kimatumbi kilekile cha upole, "ataniuliza ni nani aliyeiandika. Aliyeiandika ameondoka na mnyororo. Na mwenyewe mtu wa milimani, ana kibuyu, kina nafaka. Unaona yale yaliyo njia panda? Nikisema ni hati yangu, basi ni karatasi tu ya karani. Chagua, dada. Siku ile ulichagua vizuri sana."

"Isome kama ilivyoandikwa."

"Nitasoma. Mimi ndiye msomaji aliyebaki."

"Nini? Nini?" Bwana shauri akagonga meza.

Zaidi akainuka, akasoma kwa Kiswahili cha bomani, sauti ya juu, kidole kikitembea juu ya mistari kutoka kulia kwenda kushoto kama inavyopasa:

"Nyumba iliyokuwa ya Biasha, nyuma ya kisima, yenye mlango wa mninga, sasa ni ya Zaidi, karani wa boma. Na mwanamke Semeni amewekwa humo kuilinda."

Safari hii haikuwa kibanda. Na mlango wa mninga ulikuwapo.

"Kwa nini ndani ya kibuyu?"

"Wanawake wa huku, bwana, huweka vitu humo. Mvua. Mchwa. Ni desturi yao."

Bwana shauri akamtazama Semeni kwa mara ya kwanza. "Kweli?"

Kidole cha Zaidi kilikuwa bado juu ya karatasi, mahali penye jina. Semeni alitazama kidole. Alifikiri habari ya uji. Kwamba aliuacha mekoni, na hakuna wa kuukoroga.

"Kweli, bwana," alisema.

Zaidi akavua ufunguo shingoni, akafungua sanduku, akatoa muhuri. Ulipotua juu ya hati, punje za mpunga zikaruka. Ikahitajika alama ya shahidi. Wakamshika Semeni dole gumba, wakalichovya, wakalibana chini kabisa ya mwandiko wa Mwalimu, na Zaidi akaandika pembeni kwa herufi za Kidachi kwamba shahidi ameridhika.

Kisha akachapwa viboko vitano kwa ajili ya kibuyu, maana amri ya vibuyu ilikuwa pale pale. Aliyechapa aliona haya kidogo, akapunguza mkono kwenye cha mwisho.

Bushiri alikuwa kivulini kwa ukuta alipotoka. Alimwacha apite kwanza.

"Ungenichukua mie, bi Semeni," alisema akiwa nyuma yake. "Mie ningewaambia wote wawili wana haki."

Mke wa Zaidi alifika kesho yake, jua limeshapanda. Jina lake Mwanamina. Mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyefuatwa na wapagazi wawili wenye kitanda. Yeye mwenyewe alibeba gunia kiunoni, na gunia lilikuwa limetuna mahali patatu.

"Shikamoo, bi Semeni," alisema mlangoni, ingawa walikuwa rika. Aliutazama mgongo wa kanga ulivyogandia ngozi, akatazama kando. "Naambiwa ulinilindia nyumba."

"Marahaba."

"Sikujua kama utakuwa bado unapika."

"Uji tu."

"Umalize."

"Hauliki. Ulishika tangu jana."

Wakabaki wamesimama wote wawili wakikitazama chungu. Mwanamina alitua gunia chini taratibu, bila kulifungua. Alikuwa anasubiri. Hakuna mwanamke wa pale anayeweza kupanda mafiga yake mwenzake hajang'oa yake, hata mwenye hati yenye muhuri. Muhuri haujui hilo, lakini yeye alilijua.

"Yapoe kwanza," Mwanamina alisema.

"Hayatapoa. Nimewasha alfajiri."

Semeni akateremsha chungu. Akasukuma majivu kando kwa kijiti. Akachuchumaa, mgongo ukafunguka, akaanza kuchimba. La kwanza likatoka, la pili likatoka. La tatu lilikuwa limezama, lile la upande wa mlango, na Mwanamina akapiga magoti akamsaidia kulitikisa kwa ncha ya mwiko. Semeni akatandika majani ya mgomba katika kikapu cha ukindu alichokisuka mwenyewe, akayapanga mafiga juu yake, akajitwisha juu ya ngata. Nguo nyingine hakuwa nayo zaidi ya ile aliyovaa. Alipopita mlangoni aliuvuta nyuma yake kwa mazoea, nao ukafunga kweli.

Alishika njia ya Umwe. Hakuwa na mtu Umwe. Ilikuwa njia tu, nayo haikupita penye nguzo za njia panda. Mwisho wa mji palikuwa na gogo limelazwa njiani na askari mwenye kofia nyekundu ameketi juu yake. Walikuwapo watu sita wanasubiri kupita. Kila mmoja alikuwa na karatasi mkononi.

"Cheti," askari alisema zamu yake ilipofika.

"Sina."

"Umebeba nini?"

"Mafiga."

Askari alikuwa mgeni, mtu wa bara ya mbali. Neno hakulijua. Akamwuliza mzee aliye nyuma, mzee akamwonyesha kwa vidole: matatu, chungu juu, moto chini. Askari akaelewa, kwao pia yapo. Akatabasamu. Kisha akakumbuka kazi.

"Ya nyumba gani?"

Joto lilikuwa limeshapita majani ya mgomba. Lilipita ukindu, likaingia kwenye ngata, likafika utosini. Semeni hakukishusha kikapu. Watu walio nyuma yake wakaanza kunusa ukindu unaoungua, wakatazamana.

"Nakuuliza, mama." Sasa aliuliza polepole, kama anavyoulizwa mtu asiyejua lugha. "Mafiga ya nyumba gani?"

Tako la kikapu likaachia. Figa moja likaanguka, likapiga gogo, likabingirika likifuka moshi mpaka miguuni kwa askari, upande wake mweusi ukiwa juu. Askari akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kwenye bunduki.